Mungu Ajuaye Yote: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi tena na tena katika madarasa ya kipaimara, katika vikundi vya kujifunza Biblia na, zaidi ya kote, katika mazungumzo ya msibani. Maneno ya Biblia yananukuliwa kutoka tafsiri ya Union Version, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi wetu tumeikariri tangu utotoni.

Wakristo wanamaanisha nini wanaposema kwamba Mungu anajua yote?

Wanamaanisha kwamba hakuna jambo lolote, liwe limepita, linatukia sasa, litatukia au lingeweza kutukia, ambalo limefichika mbele za Mungu. Wanamaanisha pia kwamba Mungu hakuyapata maarifa hayo kwa kujifunza, kwa kuuliza wala kwa kungoja matokeo. Mtunga Zaburi anasema kwa ufupi: "Akili zake hazina mpaka" (Zaburi 147:5).

Mtakatifu Thomas wa Akwino (1225–1274) alilieleza jambo hili kwa mfano wa fundi. Mtu aliyenunua kabati analijua kwa kulitazama baada ya kutengenezwa, ilhali seremala alilijua kabla halijawapo, kwa sababu umbo lake lilikuwa katika akili yake kwanza ndipo likaingia katika mbao. Sisi tunavijua vitu kwa sababu vipo. Vitu vipo kwa sababu Mungu, anayevijua, alitaka viwepo. Ndiyo maana haitoshi kumdhania Mungu kuwa ni mtu mwenye kumbukumbu kubwa kupita kiasi, au mlinzi aliyekaa mbele ya skrini nyingi. Tofauti si ya wingi wa habari tu, bali ni ya namna yenyewe ya kujua.

Je, Biblia inalisema jambo hili waziwazi, au ni fikra za wanafalsafa?

Lugha ya kitaalamu ilikuja baadaye, lakini fundisho lenyewe limo. Yohana anaandika kwamba "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote" (1 Yohana 3:20). Sulemani, alipokuwa akiliweka wakfu hekalu, alikiri kwamba Mungu peke yake ndiye ajuaye mioyo ya wanadamu wote (1 Wafalme 8:39). Waraka kwa Waebrania unasema kwamba vitu vyote "vi utupu na kufunuliwa machoni pake yeye aliye na mambo yetu" (4:13).

Kuna mstari mmoja ambao msomaji wa Kiswahili anapaswa kuusoma kwa uangalifu. Katika Mathayo 10:29 tunasoma kwamba mashomoro hata mmoja haanguki chini "asipojua Baba yenu". Neno "asipojua" liliongezwa na watafsiri. Kigiriki kinasema tu "pasipo Baba yenu". Watafsiri hawakukosea sana, kwa maana mstari unaofuata unazungumzia nywele za kichwa zilizohesabiwa zote, lakini maneno ya asili yana uzito mkubwa zaidi: Baba hapokei tu taarifa ya ndege aliyeanguka, bali yupo pale anapoanguka.

Neno "kujua" lina maana gani katika Maandiko?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili, na mkanganyiko mwingi unaofuata hapa chini ungepungua kama lingeulizwa kwanza. Katika Kiebrania, kujua si kuwa na habari peke yake. Mwanzo 4:1 inasema kwamba "Adamu akamjua Hawa mkewe", na hakuna anayedhani kwamba Adamu alikuwa amepata taarifa mpya. Kupitia Amosi (3:2) Mungu anawaambia Waisraeli kwamba ndio peke yao aliowajua katika jamaa zote za dunia. Hakika Mungu hakuwa hana habari za Wamisri au Wafilisti. Alikuwa akizungumzia agano. Vivyo hivyo, Yesu anaposema "Sikuwajua ninyi kamwe" (Mathayo 7:23), anawaambia watu ambao matendo yao ameyaona yote.

Kwa hiyo Mungu anamjua kila mtu kwa maana moja, na kwa maana nyingine anawajua walio wake. Mwenye kuchanganya maana hizi mbili atafika mahali pa kudhani kwamba Biblia inajipinga.

Kama Mungu anajua yote, kwa nini alimwuliza Adamu, "Uko wapi?"

Kwa sababu si kila swali linaulizwa na asiyejua. Mzazi anayemkuta mtoto amesimama kando ya chungu kilichovunjika, akauliza, "Nani amefanya hivi?", hatafuti habari, anampa mtoto nafasi ya kusema mwenyewe. Mungu alimwuliza pia Kaini alipo ndugu yake, na papo hapo akamwambia kwamba damu ya huyo ndugu inamlilia kutoka katika ardhi (Mwanzo 4:9–10). Aliyeuliza alikuwa na jibu tayari.

Na pale anapomwambia Ibrahimu, "Sasa ninajua"? Na pale anapoghairi?

Hapa hatuna budi kukiri kwamba jibu si jepesi kama lile lililotangulia. Katika Mwanzo 22:12 malaika wa Bwana anamwambia Ibrahimu, "sasa ninajua ya kuwa unamcha Mungu", na katika Yona 3:10 Mungu anaghairi mabaya aliyosema atawatenda watu wa Ninawi. Maelezo ya kale, ambayo makanisa mengi bado yanayafuata, ni kwamba Maandiko yanamsema Mungu kwa lugha ya kibinadamu, kama yanavyotaja mkono wake na macho yake, na kwamba "sasa ninajua" maana yake ni kwamba imani ya Ibrahimu, ambayo Mungu aliijua, sasa imekuwa tendo lililotendeka na kuonekana.

Kuhusu kughairi, Yeremia 18:7–10 inatupa kanuni: onyo la Mungu juu ya taifa lina sharti ndani yake hata kama sharti hilo halikutamkwa. Yona mwenyewe alilijua hilo, na ndiyo sababu alikimbia. Sura moja ya 1 Samweli, yaani ya 15, inasema kwamba Mungu alijuta kumtawaza Sauli na pia kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Mwandishi aliyeyaweka maneno hayo karibu hivyo hakuwa amejisahau. Alitaka tuyashike yote mawili.

Kama Mungu tayari anajua nitakalofanya kesho, je, bado nina hiari?

Hili ndilo swali kuu, na afadhali tulitazame kupitia mtu mmoja badala ya kulijadili hewani. Usiku wa kukamatwa kwake Yesu alimwambia Petro kwamba kabla ya jogoo kuwika atamkana mara tatu. Petro alikataa kwa nguvu zote. Saa chache baadaye alikuwa uani kwa kuhani mkuu, akiota moto, akiapa kwamba hamjui mtu huyo. Je, Petro angeweza kutenda vinginevyo? Kama angeweza, je, Yesu angekuwa amekosea? Kama hangeweza, mbona alilia kwa uchungu kana kwamba kosa lilikuwa lake?

Cicero, mwanafalsafa wa Rumi, aliona kwamba lazima mtu achague: ama hiari ya mwanadamu, ama kuyajua mambo kabla, naye akachagua hiari. Agostino wa Hippo (354–430) alimjibu katika kitabu cha tano cha Mji wa Mungu kwamba mcha Mungu anayashika yote mawili. Hoja yake ni hii: Mungu anapojua kabla kwamba utachagua, anachokijua ni kuchagua kwako. Maarifa yake hayaondoi utashi wako, kwa sababu utashi huo ni sehemu ya yale anayoyajua. Petro hakumkana Bwana kwa sababu Yesu alitabiri; Yesu alitabiri kwa sababu Petro, kwa hofu yake mwenyewe, angemkana.

Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa Rumi, aliendeleza hoja hiyo akiwa gerezani, akingoja kuuawa kwa tuhuma za uhaini mbele ya mfalme Theodoric, mnamo mwaka 524 hivi. Alisema kwamba tunakosea tunapotumia neno "kabla". Mungu hayumo ndani ya mfululizo wa siku kama sisi, akiitazama kesho kwa mbali. Umilele wake ni kuwa na uhai wote usio na kikomo kwa pamoja. Anaiona kesho yangu kama mimi ninavyomwona mtu anayetembea mbele yangu sasa hivi. Kuona kwangu hakumlazimishi mtu huyo kutembea, japokuwa haiwezekani nimwone akitembea ilhali ameketi. Mfano huu umewasaidia watu wengi kwa miaka 1500, na kwa maoni yangu ndio bora tulio nao, ingawa una udhaifu wake: Petro aliambiwa habari hiyo ndani ya wakati, mezani, kwa maneno aliyoyasikia kwa masikio yake. Ndiyo maana mjadala haukuishia kwa Boethius.

Je, Mungu anajua pia yale ambayo yangetukia lakini hayakutukia?

Maandiko yanaonyesha kwamba anajua. Daudi alipokuwa Keila alimwuliza Mungu kama Sauli atashuka na kama watu wa mji watamtia mikononi mwa Sauli. Akajibiwa ndiyo kwa yote mawili, akaondoka, na Sauli akaacha kwenda (1 Samweli 23:9–13). Mungu alilijua jambo ambalo halikutokea kamwe. Yesu naye alisema kwamba kama miujiza ya Korazini na Bethsaida ingalifanyika Tiro na Sidoni, watu wa huko wangalitubu (Mathayo 11:21).

Juu ya msingi huo Mjesuiti wa Hispania, Luis de Molina, alijenga fundisho la "maarifa ya kati" katika kitabu alichokitoa Lisbon mwaka 1588. Kwa maelezo yake, kabla ya kuamua kuumba, Mungu alijua kila kiumbe huru angechagua nini katika kila hali, kisha akaumba ulimwengu akiwa na ujuzi huo. Wadominiko walimpinga vikali, wakisema kwamba anamfanya Mungu ategemee uchaguzi wa viumbe. Mabishano yakafikishwa Roma, yakachukua miaka kadhaa, na mwaka 1607 Papa Paulo V akayafunga bila kuupa ushindi upande wowote, akiwakataza wote wasiitane wazushi. Ni mojawapo ya maamuzi ya busara ambayo historia ya kanisa huyataja mara chache mno.

Je, madhehebu yote yanakubaliana?

Katika fundisho lenyewe, ndiyo: Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri, Wabaptisti na Wapentekoste wanakiri kwamba Mungu anajua yote. Tofauti ziko katika uhusiano wa kujua na kuamua. Warumi 8:29 inasema kwamba wale "aliowajua tangu asili, aliwachagua tangu asili". Wafuasi wa Calvin, mmoja wa viongozi wa matengenezo ya kanisa katika karne ya 16, wanasema kwamba kujua huko kunatokana na azimio la Mungu mwenyewe. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, wanasema kwamba Mungu aliwachagua wale aliojua kwamba wataamini. Sinodi ya Dort nchini Uholanzi, iliyokaa mwaka 1618 na 1619, iliukataa msimamo wa Arminius, lakini haukufa. Kupitia John Wesley ulienea kwa Wamethodisti, na mikutano mingi ya injili ya Afrika Mashariki huhubiri kwa mtazamo huo hata pale mhubiri asipolijua jina la Arminius.

Kuna pia kundi dogo la wanateolojia, hasa wa Amerika Kaskazini, ambao tangu miaka ya 1990 wamefundisha kwamba maamuzi huru ya kesho bado hayapo, na kwa hiyo hakuna cha kujulikana. Mungu anajua kila linalowezekana, lakini anangoja pamoja nasi kuona litakalochaguliwa. Clark Pinnock wa Kanada alikuwa mmoja wa waliojulikana sana. Nia yao ilikuwa njema, yaani kuyachukulia maandiko ya kughairi kwa uzito, lakini makanisa mengi yameona kwamba gharama ni kubwa mno: katika Isaya 46:10 Mungu anajitofautisha na sanamu kwa kuutangaza mwisho tangu mwanzo, na jogoo wa Petro anabaki bila maelezo.

Kuna haja gani ya kuomba, ikiwa Mungu anajua tayari?

Ajabu ni kwamba Yesu anaitumia hoja hiyo hiyo kwa upande wa pili. "Baba yenu anajua mnayohitaji ninyi kabla ninyi hamjamwomba" (Mathayo 6:8), na mara moja anaendelea: "Basi ninyi salini hivi". Kwake, ujuzi wa Baba unafuta maneno mengi ya kupayukapayuka, lakini haufuti sala. Thomas wa Akwino anaongeza kwamba hatuombi ili kuubadili mpango wa Mungu, bali ili kupata yale ambayo Mungu amepanga kuyatoa kwa njia ya maombi. Mkulima hasemi kwamba, kwa kuwa Mungu anajua mavuno ya mwaka huu, hakuna haja ya kupanda.

Kama Yesu ni Mungu, kwa nini alisema kwamba hajui siku ya mwisho?

Maneno yenyewe ni wazi: siku ile na saa ile hakuna aijuaye, "wala Mwana, ila Baba" (Marko 13:32). Wafuasi wa Arius, padre wa Aleksandria, katika karne ya 4 walilitumia andiko hili kuthibitisha kwamba Mwana ni kiumbe. Athanasius wa Aleksandria aliwajibu kwamba Yesu alisema hivyo kwa upande wa ubinadamu alioutwaa, kwani ni tabia ya mwanadamu kutojua, kama ilivyo tabia ya mwanadamu kuona njaa na kuchoka. Luka anasema kwamba kijana Yesu aliendelea katika hekima na kimo (2:52), na asiyeongezeka hawezi kusemwa kwamba anaendelea.

Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 uliweka mipaka: Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, bila kuchanganywa na bila kutengwa. Ndani ya mipaka hiyo Wakristo wameeleza kwa namna mbalimbali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema kwamba Yesu hakuwa na utume wa kuifunua siku hiyo. Waprotestanti wengi huiegemea Wafilipi 2:7, wakisema kwamba Mwana alikubali kwa hiari kutoutumia ujuzi wake wa kimungu. Lisiloruhusiwa ni kuufanya ubinadamu wake kuwa vazi la maigizo.

Kama Mungu alijua kwamba msiba utatokea, mbona hakuuzuia?

Msibani tumezoea kusema, "Kazi ya Mungu haina makosa", au "Ajali haina kinga". Neno "ajali" lenyewe lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya muda uliowekwa wa mtu kufa, na mara nyingi tunalitumia kana kwamba kujua, kuamua na kutenda ni kitu kimoja. Imani ya Kikristo haituruhusu kwenda haraka hivyo. Dereva mlevi alijulikana na Mungu, lakini hakutumwa na Mungu. Walipozungumziwa watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Yesu alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine (Luka 13:4), na wala hakueleza kwa nini mnara ulianguka.

Andiko ambalo ningelisoma kwanza ni Yohana 11. Yesu aliambiwa kwamba Lazaro ni mgonjwa, akakaa siku mbili zaidi; alijua kwamba rafiki yake atakufa, na alijua kwamba atamfufua. Hata hivyo, alipofika na kumwona Mariamu akilia, "Yesu akalia machozi". Aliyeujua mwisho wa habari, tena mwisho wa furaha, hakuona kwamba ujuzi huo unayafanya machozi kuwa ya bure. Anayemwambia mfiwa asilie kwa kuwa Mungu anajua hajamfuata Bwana wake mpaka kaburini.

Je, ni kweli kwamba Mungu anasahau dhambi zilizosamehewa?

Yeremia 31:34 inasema, "dhambi yao sitaikumbuka tena". Hapa pia, kukumbuka ni lugha ya agano na ya mahakama: Mungu hataileta kesi hiyo tena. Kumbukumbu yake haikupata tundu.

Je, Shetani, malaika au manabii wanajua yote?

Hapana. Malaika hawaijui siku ya mwisho, na Shetani ni kiumbe mwenye mipaka, ingawa wahubiri wengine humpa sifa asizostahili. Nabii anajua alichofunuliwa tu. Elisha alikiri kuhusu mwanamke Mshunami kwamba Bwana alikuwa amemficha habari yake (2 Wafalme 4:27). Anayetangaza kwamba anaiona kila siri ya kila mtu, na hasa anayedai malipo kwa ajili hiyo, apimwe kwa Kumbukumbu la Torati 18:22 na 29:29, ambako tunaambiwa kwamba "Mambo ya siri ni ya Bwana, Mungu wetu".

Kujulikana kabisa namna hii ni faraja au ni tishio?

Kwa Adamu nyuma ya miti kulikuwa tishio. Kwa Hajiri, mjakazi aliyekimbia jangwani akiwa na mimba, kulikuwa kuonwa na mtu kwa mara ya kwanza, naye akamwita Mungu kwa jina la yule aonaye (Mwanzo 16:13). Zaburi ya 139 inapita katika hali zote mbili: inaanza kwa kukiri, "umenichunguza na kunijua", inatafuta mahali pa kukimbilia isipate, kisha inaishia kwa kuomba lile lile lililokuwa limeshafanyika: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu".

Petro naye alipita njia hiyo. Usiku ule, pamoja na habari ya jogoo, alikuwa ameambiwa neno jingine ambalo huenda hakulisikia vizuri: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Yesu alikuwa amekuona kukana kwake, na alikuwa amekuona kurudi kwake pia. Baada ya ufufuo, kando ya bahari ya Tiberia, Petro aliulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Hakuwa na ushahidi wowote wa kutoa. Kiapo chake kilikuwa kimevunjika mbele ya wajakazi. Kwa mara ya tatu akajitetea kwa ujuzi ule ule uliokuwa umemwaibisha: "Bwana, wewe wajua yote, wewe umetambua ya kuwa nakupenda." Yesu akamwambia, "Lisha kondoo zangu."